Tiketi saba za sinema Hanoi, ya saba niliisikilizia ngazini

Nilikata tiketi saba. Filamu sita nilizitazama, ya saba niliisikiliza nimekaa kwenye ngazi nje ya mlango, mkononi nina tiketi halali ya kiti H12, na kwenye kiti H12 amejikalia bwana mwenye tiketi halali ya H12. Nalitanguliza hilo lisije likapotea huko mbele, maana mengi nitakayoyasema ni ya sifa.

Tamasha lenyewe ni dogo, la wiki moja, mwezi wa Novemba, hapa Hanoi. Jina silitaji. Wanaoliendesha ni vijana wachache, wengi wanajitolea tu, na manung'uniko yangu nimeshawapa ana kwa ana. Kipeperushi chao kinasema nia ni kuitangaza sinema ya Vietnam kwa wageni waishio mjini na kuwakutanisha watu wa tamaduni mbalimbali. Basi mgeni wenyewe ndiye mimi. Mwana wa Tanga, mwaka wa nne huu nasomea mambo ya mpunga, na Kivietinamu changu ni cha sokoni na cha maabara. Najua kuomba nipunguziwe bei ya embe, na najua majina ya magonjwa ya majani. Katikati hapo pana mashimo.

Bei sina ugomvi nayo. Tiketi moja dong 60,000, pasi ya wiki nzima dong 350,000. Bakuli la phở, supu ya tambi za mchele, kwenye kona ya mtaa wangu ni 45,000, kwa hiyo filamu ni bakuli moja na vikombe vitatu vya chai ya barafu. Pasi sikuchukua, nikijiambia nitatazama mbili tatu niondoke zangu. Nikakata saba, moja moja. Hesabu nakuachia.

Ukumbi uko ghorofa ya pili ya jumba la zamani. Viti ni vya mbao, vimewekewa mito myembamba ambayo kufikia saa ya pili ya filamu huijui tena kama ipo. Madirisha yamefunikwa mapazia meusi lakini hayafungi vizuri, basi usiku harufu ya maua ya hoa sữa inaingia mpaka ndani. Watu wa Hanoi wanayatungia mashairi maua hayo. Mimi yananiuma kichwa. Siku ya kwanza projekta ilizimika mara mbili. Siku ya pili mara moja. Kuanzia ya tatu ikatulia, na sikuuliza waliifanyaje.

Nianze na filamu fupi, maana huko ndiko nilikopata la kusema juu ya tamasha zima.

Filamu zinazotolewa kuonyeshwa hapa Vietnam zinapewa herufi. Ni utaratibu wa sheria ya sinema ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023. P ni ya kila mtu. K, aliye chini ya miaka 13 anaingia akiwa na mzazi au mlezi. Halafu T13, T16 na T18, namba zinajieleza. Mkusanyiko wa filamu fupi ulikuwa K, na mimi nilikuwa nimefuatana na mjukuu wa mwenye nyumba wangu, mvulana wa miaka 12, kwa kuwa bibi yake alikuwa na wageni na mtoto alikuwa anamsumbua. Mlangoni tukasimamishwa na mlinzi. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akautazama weusi wangu na weupe wa mtoto, akauliza huyu mama ni nani wako. Mtoto hakupepesa jicho: "Cô cháu đấy ạ." Shangazi yangu huyu. Mlinzi akachana tiketi, tukapita.

Hakudanganya. Neno cô ni shangazi, na ndivyo anavyoniita kila asubuhi anapopita na baiskeli. Mwalimu wake wa kike naye ni cô. Kivietinamu hakina "wewe" la kumtupia kila mtu. Ukitaka kuzungumza na mtu ni lazima kwanza ujue ni mkubwa au mdogo kwako, wa rika la baba au la babu, kisha wewe na yeye mnapeana vyeo vya ukoo: kaka na mdogo, bibi na mjukuu, shangazi na mpwa. Miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nachukia sana kuulizwa mwaka niliozaliwa na mtu ambaye hata jina langu halijui. Siku moja nikang'amua kwamba maskini wanatafuta tu kujua nani ampe mwenzake shikamoo. Hasira zikaniisha palepale.

Sasa turudi ukumbini. Filamu ya tatu kati ya zile fupi haikuwa na mambo mengi. Jiko, mwanamke anamenya balungi, mume anarudi usiku. Mke anaulizwa umekula? Anajibu "Em ăn rồi", nimeshakula. Siku zinapita, mume anachelewa zaidi, balungi linamenywa tena, mke anaulizwa tena umekula? Safari hii hakunyanyua kichwa. "Tôi ăn rồi."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Nyuma yangu mama mmoja alisema "Eh!" kwa sauti. Mtoto akaniinamia sikioni: wameachana hao, cô.

Mimi macho yangu yalikuwa chini ya picha, kwenye maandishi ya Kiingereza, na maandishi hayo yalikuwa yaleyale mara zote mbili. Ameshakula. Basi. Safu ya mbele yangu Wazungu watatu wakawa wanageuka kuona watu wanashtukia nini. Em ni mdogo wangu, na ndivyo mke anavyojiita mbele ya mume akiwa bado yumo moyoni. Tôi ni mimi, mimi wa barabarani, wa kwenye barua ya ofisi. Ni kama mke aliyezoea kuitika "abee, mume wangu", halafu jioni moja akaitika "unasemaje, wewe bwana". Hakuna sahani iliyovunjwa wala mlango uliobamizwa. Ndoa imekufa kwa neno moja, na tamasha lililokuja kunionyesha sinema ya Vietnam limenificha neno lenyewe.

Baada ya filamu nilimfuata binti anayesimamia tafsiri. Alinipokea vizuri. Hoja yake ni kwamba wakiandika kaka, mdogo wangu, shangazi na mjomba kila mahali, mtazamaji kutoka Ulaya atachanganyikiwa, atadhani wote ni ndugu wa tumbo moja, na wapenzi wakiitana kaka na mdogo ndiyo itakuwa balaa. Nikamwambia atachanganyikiwa dakika kumi, baada ya hapo atazoea, kama mimi nilivyozoea. Nikamwambia pia kwamba ziko lugha ambazo hata dakika kumi hazihitaji. Kiswahili kina shemeji, wifi, mkwe, binamu, mama mkubwa na baba mdogo. Kwetu hata kondakta wa daladala ni kaka. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Nilichungulia: aliandika "wifi", akapiga mstari chini.

Kuanzia hapo kila filamu niliitazama kwa jicho hilo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini iliyonikaa zaidi ni ya zamani kuliko mimi.

Bao giờ cho đến tháng Mười, yaani Lini Mwezi wa Kumi Utafika, ni filamu ya Đặng Nhật Minh ya mwaka 1984, nyeusi na nyeupe. Duyên amekwenda kumtafuta mumewe askari kwenye mpaka wa kusini-magharibi, na huko anaelezwa kwamba mume ameshakufa. Anarudi kijijini na msiba kifuani. Nyumbani yupo baba mkwe, mzee mgonjwa anayemsubiri mwanawe, na mtoto anayemsubiri baba. Duyên anaamua kutosema. Anamwomba mwalimu wa kijiji, Khang, aandike barua kana kwamba zinatoka kwa marehemu, na mwalimu anakubali. Ukishaomba barua ya kwanza, ya pili inajiomba yenyewe.

Mbele ya baba wa mumewe, mke hapa hujiita con, mtoto. Unamsikiliza Duyên akilitamka neno hilo fupi huku unajua anachokificha, na kila likitoka unaona mzigo ukiongezeka. Anamdanganya mzee kwa sauti ya mwana. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima, wengine hata hawali naye meza moja, na uongo kwa mkwe ni jambo la kuitiwa kikao. Huyu mama uongo wake wote umejengwa juu ya heshima hiyohiyo. Chini ya picha, kwa Kiingereza, niliona "mimi" na "wewe" tu.

Kuna mahali Duyên anapanda jukwaani. Ni mcheza chèo, maigizo ya kuimba ya vijiji vya kaskazini, na sehemu aliyopewa usiku huo ni ya mke anayemuaga mume anayekwenda vitani. Anaanza kama mchezaji. Katikati sauti inamgeuka, wanakijiji wanadhani ndiyo ufundi. Halafu anashindwa kabisa, anaondoka jukwaani. Ukumbini kwetu hakuna aliyekohoa. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima mwenye skafu ya zambarau, alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili tangu mwanzo, na pale vidole vyake vikaanza kufungua zipu na kuifunga, kuifungua na kuifunga, bila yeye mwenyewe kujua. Filamu ilipokwisha alinigeukia akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nilipomwambia akasema kumbe wewe ni cháu, mjukuu, akafungua ule mkoba akanipa chungwa.

Kwa filamu hiyo moja nilikuwa tayari kuwasamehe projekta.

Cánh đồng hoang, Mbuga Tupu kama ningelitafsiri mimi, niliitazama siku ya pili yake. Ni ya Nguyễn Hồng Sến, mwaka 1979, na ilipata tuzo ya dhahabu Moscow mwaka 1981. Mume, mke na mtoto mchanga wanaishi juu ya maji ya Đồng Tháp Mười, kusini, wakilinda njia ya mawasiliano ya wapiganaji wakati wa vita, na helikopta za Marekani zinawawinda. Ndege zikikaribia, wazazi wanamtia mtoto kwenye mfuko wa plastiki, wanafunga mdomo wa mfuko, wanazama naye. Tukio hilo nilishasimuliwa mara tatu kabla sijaliona na bado nilifumba macho. Nakala ilikuwa na mikwaruzo na sauti ilikuwa inakuja na kuondoka, lakini hapo hapakuhitaji tafsiri ya aina yoyote, na sina zaidi la kuongeza.

Jioni ya "makutano ya tamaduni" ndiyo iliyoniudhi. Walitupanga wageni sebuleni, wakatuvisha kofia za majani za nón lá, akina dada wawili waliovaa áo dài, kanzu ndefu za kwao, wakasimama katikati yetu, tukapigwa picha. Tukapewa keki za mchele za kijani zilizofungwa kwa jani. Tamu sana, sikatai, nilikula nne. Lakini kwa saa nzima hakuna aliyetuuliza filamu gani tumeiona na tumeionaje, au kwetu watu hutazama nini. Jamaa mmoja kutoka Msumbiji, tuliyekuwa naye kwenye foleni ya keki, aliniambia hii ni mara yake ya tatu kuvishwa kofia hiyo mwaka huu na bado hajapewa moja aende nayo nyumbani.

Siku iliyofuata, bila kofia, makutano yakatokea yenyewe. Filamu ilikuwa Những đứa trẻ trong sương, Watoto Ndani ya Ukungu, ya Hà Lệ Diễm, iliyotoka 2021. Si ya kuigiza. Mwongozaji alimfuata kwa miaka mitatu binti wa Kihmong aitwaye Di, milimani huko kaskazini, tangu akiwa mtoto anayecheza na wenzake mpaka alipofika umri ambao kwa desturi mvulana anaweza kumchukua kwa nguvu awe mke. Filamu iliingia kwenye orodha ya 15 zilizochujwa kwa ajili ya tuzo ya Oscar upande wa filamu za kweli, ya kwanza kutoka Vietnam kufika hapo. Sehemu kubwa watu wanazungumza Kihmong. Kwa hiyo ukumbi mzima, watu wa Hanoi kwa wageni, tulikuwa tunasoma. Wao Kivietinamu mstari wa juu, sisi Kiingereza mstari wa chini. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyecheka kabla ya mwenzake.

Na tulipofika pale upande wa mvulana wanapokuja kumvuta Di, mikono na miguu, naye anapiga kelele, na aliyeshika kamera hajui arekodi au aitupe kamera aende kumshika, watu walianza kuzungumza ndani ya giza. Taa zilipowaka mjadala haukusubiri mshereheshaji. Bwana mmoja wa hapa Hanoi alisema tusiwahukumu Wahmong. Binti mmoja mwanafunzi akamjibu kwamba Di mwenyewe amesema hataki, na amesema kwa lugha mbili. Mimi nilisimama nikasema kwetu pia yako makabila ambayo binti alikuwa anavamiwa njiani aendako kuteka maji, na bibi zetu wanatusimulia wakicheka, na kicheko hicho mimi sijawahi kukielewa. Nilisema kwa Kivietinamu changu cha magonjwa ya mpunga. Walinisubiri nikatafuta maneno. Dakika kumi walizotupangia zikawa hamsini, mpaka mlinzi akaanza kukusanya mito ya viti.

Filamu ndefu kuliko zote, Bên trong vỏ kén vàng ya Phạm Thiên Ân, nitaipitia haraka ingawa yenyewe haina haraka hata kidogo. Karibu saa tatu. Ilishinda Camera d'Or ya Cannes mwaka 2023, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, miaka 30 kamili baada ya Mùi đu đủ xanh ya Trần Anh Hùng kuishinda mwaka 1993. Kijana anarudisha maiti ya shemeji yake kijijini pamoja na mpwa wake mdogo, kisha anamtafuta kaka yake aliyepotea. Kamera inasogea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Kuna mzee anayeshona sanda, na kamera inamsogelea polepole kupitia dirishani mpaka unahisi umeingia chumbani mwake kwa miguu yako. Hiyo ni filamu ya kiti kizuri. Kwenye kiti cha mbao, saa tatu usiku, baada ya siku nzima ya kuhesabu masuke, nililala kwa muda ambao sitautaja, na nilipoamka mvua ilikuwa bado inanyesha mlima uleule. Waandaaji waiweke mchana wa Jumapili.

Sasa nifike kwa yule bibi.

Kwenye ratiba iliandikwa kwa herufi ndogo, Alhamisi saa kumi na moja jioni: filamu ya zamani ya Kisovieti, thuyết minh ya moja kwa moja. Nadhani wageni wengi hawakuelewa ni nini, maana nusu yao waliingia, wakakuta hakuna maandishi ya Kiingereza, wakatoka. Walioamua kukaa ndio waliofaidi.

Kando ya skrini kulikuwa na meza ndogo, taa ya kusomea, kipaza sauti na daftari la shule. Bibi mwenye nywele nyeupe, sweta la bluu, akaketi. Filamu ikaanza, Warusi wakaanza kuzungumza Kirusi, na bibi akaanza kuwasemea wote. Mwanamume, mwanamke, mtoto, jemadari, sauti ni moja, haipandi wala haishuki, na inakuja nyuma ya midomo yao kwa nusu pumzi. Hivi ndivyo watu wa hapa walivyotazama filamu za nje kwa miaka mingi, kwenye kumbi za mjini na kwenye viwanja vya vijijini ambako vikosi vya sinema vilikuwa vinapeleka mashine na turubai jeupe. Dakika tano za mwanzo sauti yake inakuudhi. Baada ya robo saa huisikii tena; unadhani Warusi wanazungumza Kivietinamu.

Nami moyo ukanirudi Tanga, kwenye kibanda umiza, benchi la ubao, joto, na kanda ya Lufufu, yule msimuliaji wa filamu kwa Kiswahili, inazungumza juu ya sauti ya Wachina. Sanaa ni ileile, mtu mmoja na kipaza sauti akibeba watu ishirini mgongoni, ila tabia ndizo zinapishana. Lufufu alikuwa anaongeza chumvi, anamtania jambazi, anakueleza kitakachotokea kabla hakijatokea. Huyu bibi anajifuta. Nilimfuata mwishoni nikamwamkia nimeinama, nikamwambia kwetu pia tuna watu wa kazi yako lakini wao wanachekesha. Alishtuka kwelikweli. Akataka kujua watu wanasikiaje filamu ikiwa msemaji ndiye mcheshi. Nikamweleza kwamba wengine wanakwenda kumsikiliza msemaji, filamu ni kisingizio. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu alinionyesha daftari. Pembeni ya kila mstari alikuwa ameandika kwa penseli nani ni nani kwa nani: huyu anh, kaka; huyu em, mdogo; huyu bác, baba mkubwa. Kirusi kilimpa "wewe" za aina mbili tu, rasmi na ya karibu, basi vyeo vyote vya ukoo amevipanga mwenyewe, kwa kutazama nyuso na umri wao. Na kuna mahali, ukurasa wa tisa au wa kumi, em imefutwa kwa kifutio, pameandikwa tôi.

Nilimwita yule binti wa tafsiri aje aone. Alipiga picha ukurasa huo.

Mengine madogomadogo, kwa atakayetaka kwenda mwakani. Choo ni kimoja kwa kila jinsia, nenda kabla filamu haijaanza. Vinywaji haviingii ndani, lakini chini mlangoni kuna mama wa trà đá, chai ya barafu, dong 5,000, na mbegu za alizeti, na viti vya plastiki vya kukaa magoti yakigusa kidevu. Usitarajie tafsiri ya mahojiano na waongozaji, mtafsiri alikuwa anafupisha dakika tatu kuwa maneno saba. Ukitoka baada ya saa nne usiku utapanda pikipiki ya kuita kwa simu, chukua koti.

Na tiketi, jamani, wakaguliwe wanaozichapa. Tiketi yangu ya saba ilikuwa ya usiku wa kufunga, Song lang, filamu ya Leon Lê ya mwaka 2018. Nilifika nimechana nywele. H12 pana mtu. Nikamwonyesha tiketi, akanionyesha yake, tukazilinganisha kama mapacha. Tulikuwa kama kumi na wawili wenye mkasa huo. Kijana wa mlangoni, jasho linamtoka katika baridi ile, akasema hakuna kiti hata kimoja, na sheria za moto hazimruhusu kusimamisha mtu ndani. Wengi wakaondoka wakilalama. Mimi nikakaa kwenye ngazi, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi ya sinema. Mlango waliuacha wazi kidogo kwa huruma.

Ngazi ya juu yangu alikaa babu mwenye fimbo. Yeye na mkewe walikuta kiti kimoja badala ya viwili, akampa mke. Aliniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa. Tukawa ông na cháu, babu na mjukuu. Kivietinamu chake kilikuwa cha kusini, laini, nusu kinanipita. Aliletwa kaskazini mwaka 1954 akiwa mtoto, na hapa ndipo alipozeekea.

Song lang ni chombo, kijibao chenye uwazi ndani, kinagongwa kwa mguu. Tok. Ndicho kinachoshika mapigo ya cải lương, maigizo ya kuimba ya kusini. Filamu inapita Saigon ya miaka ya themanini: kijana mkusanya madeni, anayeogopwa mtaani, anakwenda kwenye kundi la cải lương kudai pesa, anamwagia petroli mavazi yao ya jukwaani, na huko anakutana na mwimbaji. Hayo nimeyajua kwa sababu babu alinieleza. Filamu alishaiona mara mbili. Sauti ilikuwa inatoka mlangoni, naye anasema polepole, nusu pumzi nyuma yake: sasa ameingia. Sasa anatazama kutoka nyuma ya pazia. Sasa umeme umekatika, wako gizani wawili. Ukipigwa wimbo ananyamaza, anagonga ncha ya fimbo kwenye ngazi, tok, mahali palepale pa kijibao, na mimi ngazi ya chini nilikuwa naisikia kwenye mifupa ya mgongo.

Ilipokaribia kwisha alikuja kijana wa mlangoni na bahasha za kuturudishia pesa, 60,000 kwa kila mtu, akaanza kuomba radhi. Babu hakugeuka. Alinyanyua kidole akakiweka mdomoni, na kijana akaketi ngazi ya tatu, bahasha mapajani.